Bomba la Choo kwenye Televisheni

Wapangaji walimwita Mama Kinyaa, lakini nyuma ya mgongo wake. Mbele yake alikuwa mama mwenye nyumba, na mumewe alimwita Mama Mapacha, kwa ajili ya watoto wao wawili waliokwisha kuoa na kuhamia mbali. Jina hilo la kinyaa hakupewa bure. Mwanamke huyu hakuweza kunywa chai kwenye kikombe kilichooshwa na mtu mwingine. Mlango wa duka aliusukuma kwa kiwiko. Ukimpa mkono aliupokea, maana adabu alikuwa nayo, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kucha zako, na ukishampa kisogo tu utasikia bomba la maji linafunguliwa. Akialikwa kula kwa watu alibeba kijiko chake mkobani, kimefungwa kwenye karatasi, na wala hakuona haya kukitoa.

Alichokichukia kuliko vyote ni kile kinachotoka mwilini mwa binadamu. Kamasi, mate, matapishi, na yale mengine ambayo hata jina lake hakulitamka. Akilazimika kuyataja alisema "vitu", huku amekunja pua, na wote waliomzoea walijua ni vitu gani.

Sasa Jumamosi moja asubuhi vitu vilimfuata nyumbani. Nyumba yake ilikuwa mbele, nyuma yake vyumba vya wapangaji vimepangana kwa mstari, na katikati ua wa saruji ambao aliufagia na kuudeki hadi ukang'aa. Vyoo vyote, vyake na vya wapangaji, vilimwaga kwenye bomba moja lililopita chini ya saruji hiyo kuelekea kwenye shimo. Asubuhi hiyo mfuniko wa chemba ulikuwa umeinuka wenyewe, na kilichokuwa chini kilikuwa juu. Maji meusi yalitambaa polepole kuelekea mlangoni pake, yamebeba makaratasi na povu na mengine nisiyopenda kuyaandika. Nzi walikwisha kupata habari kabla yake. Mama Mapacha alisimama kizingitini akiwa ameziba pua na mdomo kwa mtandio, akatazama mara moja, akakimbilia kwenye sinki kutapika. Kisha akalisugua sinki, na baada ya hapo akakisugua kile kitambaa alichosugulia sinki.

Alipotoka tena alikuwa ameshapata mkosaji. Chumba cha mwisho alikaa mshonaji mmoja mwenye mtoto mchanga. Kwa akili ya Mama Mapacha hesabu ilikuwa nyepesi: mwenye mtoto ana nepi, na mwenye nepi ndiye aliyeziba choo. Akamwambia papo hapo, kwa mbali, kwamba mwezi ukiisha ahame. Mshonaji akajibu kwamba nepi zake ni za kitambaa, anazifua, na ushahidi unaning'inia kwenye kamba kila siku ya Mungu. Ilikuwa kweli. Lakini kamba ile Mama Mapacha hakuwahi kuitazama hata siku moja, kwa sababu nepi zilimtia kinyaa hata zikiwa zimefuliwa na kukaushwa juani.

Kwa mshonaji hilo la kuhama halikuwa jambo dogo. Wateja wake walijua geti lile, cherehani yake ilikuwa imekaa pale dirishani penye mwanga, na kila mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza chumba alikataa, huyu kwa sababu ya kelele za cherehani, yule kwa sababu ya kilio cha mtoto. Akitoka pale hakuwa na pa kwenda. Akasema hahami kwa kosa asilolifanya, na akasimama palepale uani na mtoto begani, miguu yake hatua chache tu kutoka kwenye yale maji.

Fundi bomba alifika na viatu vyake vya mpira. Alijaribu kuzibua kwa chuma chake kirefu ikashindikana, akasema kizuizi kiko mbali, chini ya saruji, mbele ya pale mabomba yote yanapokutana. Kabla ya kuvunja sakafu ni lazima ajue anavunjia wapi na anakwenda kutoa nini. Alikuwa na kamera ndogo yenye taa, imefungwa kwenye ncha ya waya mgumu mrefu, na upande wa pili waya huo uliingia kwenye laptopu. Akaisukuma kamera bombani, akarekodi, akaitoa, akaifuta kwa gazeti. Mama Mapacha aliyashuhudia yote hayo akiwa karibu na ukuta, na gazeti lile lilipodondoka chini alitetemeka.

Shida ilikuwa kioo cha laptopu. Kilikuwa kidogo, kimepasuka pembeni, na jua la uani lilikimeza kabisa. Walikiinamia wote: fundi, mshonaji, na mwalimu wa tuisheni aliyepanga chumba cha kwanza. Mama Mapacha alitupa jicho kutoka kule ukutani akasema anaona nepi, waziwazi. Mshonaji akasema ile si nepi. Mwalimu akadhani ni mfuko wa plastiki. Fundi akasema ni kitu cha nguo au cha karatasi, zaidi ya hapo hawezi kula kiapo.

Hapo ndipo Mama Mapacha aliposema neno ambalo lilimtoka kwa hasira, si kwa akili. Alisema laptopu iingizwe sebuleni, iunganishwe na televisheni yake kubwa, kila mtu aone kwa macho yake mawili, asije mtu akazunguka mtaani kusema ameonewa.

Mumewe alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Baba Mapacha alikuwa mtunza stoo mstaafu, mtu wa maneno machache, na katika nyumba ile televisheni ilikuwa chini ya mamlaka yake kama stoo ilivyokuwa zamani. Alisikia lililosemwa akainuka nusu.

"Mambo ya choo hayatazamwi sebuleni," alisema. "Fundi avunje tu, tutalipa."

Kwa kawaida mkewe ndiye angesema hivyo. Sebule ile ilikuwa na vitambaa vyeupe hadi kwenye mikono ya makochi, na wageni walivulia viatu nje. Lakini binadamu akishataka kushinda hana tofauti na mlevi. Alitandika magunia ya plastiki kutoka mlangoni hadi kwenye meza. Alimnawisha fundi mikono na miguu kama maiti, akaifuta laptopu yake kwa dawa ya kuulia wadudu, juu, chini na ubavuni, mpaka fundi akamwomba avionee huruma angalau vitufe. Mshonaji akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mwalimu akabaki amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti.

Ikabaki kazi ya waya. Droo ya chini ya kabati ilikuwa kaburi la waya za nyumba ile, zimejiviringisha pamoja kama minyoo, na Mama Mapacha alipoiona hiyo minyoo akageuza uso. Fundi akatoa kwanza ule wenye vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano, waliokuwa wakiutumia enzi za deki za video. Televisheni ilikuwa na matundu yake, laptopu haikuwa na hata moja. Mwalimu akakimbia chumbani kwake akaleta waya mnene wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili pembeni, aliokuwa akiutumia kwenye kompyuta yake ya zamani. Huo ulikubali pande zote mbili. Fundi akakaza skrubu, akachezea rimoti, na picha ikaja.

Ikaja, lakini ya kijani tupu. Kijipini kimoja ndani ya kile kichwa kilikuwa kimepinda, na rangi nyingine zote zilipotelea njiani. Bomba lilionekana kama koo la ng'ombe mgonjwa, linatetemeka, na katikati ya koo hilo pamekwama bonge lisilo na sura. Mwalimu alirudi nyuma hatua moja. Mama Mapacha alimeza mate, akajutia hata kuyameza. Bado hapakuwa na mtu aliyeweza kusema bonge lile ni nini.

"Basi," alisema Baba Mapacha. "Waya hakuna. Mwacheni fundi akafanye kazi yake."

Sauti yake ilikuwa na haraka ambayo mkewe hakuizoea, lakini wakati huo hakuijali. Fundi alikuwa ameshapiga magoti pembeni ya televisheni, anachungulia nyuma yake kwa tochi. Na Mama Mapacha, kwa kuufuata mwanga wa tochi ile, akaona jambo lililomchoma. Nyuma ya televisheni yake mwenyewe kulikuwa na vumbi la miaka, utando wa buibui, na mavi ya mjusi yaliyokauka kwenye rafu. Pale hakuwahi kupafuta kwa sababu mumewe alikataza watu kupagusa. Kwa hiyo muda wote aliokuwa akinusa vikombe vya watu, mjusi alikuwa akijisaidia sebuleni kwake.

Fundi akatoa kichwa. "Mbona waya wenyewe huu hapa? Huu wa king'amuzi. Ndio huuhuu tunaoutafuta, HDMI."

"Huo usiguse," alisema Baba Mapacha, na safari hii alisimama wima. "Ukiuchomoa chaneli zote zinafutika."

Katika nyumba ile hiyo ilikuwa sheria. Tangu king'amuzi kinunuliwe Baba Mapacha alishika imani kwamba chaneli zinakaa kwenye ule waya, na mke wake aliamini, na mapacha wakija likizo walionywa kabla hawajaketi. Wapangaji wenyewe waliwahi kusikia. Fundi akacheka kwa heshima, akamweleza mzee kwamba waya ni njia tu, chaneli ziko ndani ya king'amuzi, na kwamba waya huohuo unabeba picha ya king'amuzi, ya laptopu, ya chochote kile chenye tundu lake. Mzee akashikilia kwamba ziliwahi kufutika. Lini, hakusema. Mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti.

Mama Mapacha alidhani anaililia taarifa ya habari. Ikamkera. Nje uvundo umejaa ua mzima, mtu mzima anahangaikia chaneli.

"Zifutike," alisema.

Akazungushia vidole vyake kitambaa, akaingiza mkono kule kwenye mavi ya mjusi, akauchomoa waya mwenyewe kutoka kwenye king'amuzi na kumkabidhi fundi. Mumewe akakaa chini taratibu.

Kile kichwa bapa kikaingia ubavuni mwa laptopu bila ubishi. Kwanza televisheni ikaandika kwamba haioni kitu. Fundi akatafuta kwa rimoti hadi tundu namba moja, akabonyeza vitufe viwili vya laptopu kwa pamoja, na kioo kizima kikawaka. Hapakuwa na kijani wala kutetemeka. Ilikuwa picha safi, ya kung'aa, kubwa kama mlango uliolazwa.

Usafi wa picha ndio ulikuwa uchafu wenyewe. Sasa kila kitu kilionekana. Mafuta yaliyoganda kwenye kuta za bomba yalining'inia kama makamasi. Mende alipita mbele ya kamera, kwenye kioo kile akawa mkubwa kuliko paka, akasimama kuchezesha sharubu zake juu ya vitambaa vyeupe vya Mama Mapacha. Maji yalipanda, yakashuka, yakaacha kitu kimenata. Mwalimu aliomba ruhusa ya kwenda nje, akanyimwa. Mama Mapacha alikuwa na jasho mgongoni na ladha ya chuma mdomoni, na aliapa moyoni kwamba makochi yale yatafuliwa yote, na ikibidi yatauzwa. Lakini macho hakuyatoa. Alikuwa anaingoja nepi.

Kamera ikafika kwenye bonge. Fundi akaisimamisha picha.

Ilikuwa nguo. Vipande vya nguo, vingi, vimekatwa kwa mkasi, vingine vimekunjwa mara mbili mbili kwa uangalifu, vimerundikana na kushikana. Chini ya ule uchafu mistari yake ilisomeka vizuri, ya kahawia na ya njano, na kipande kimoja kilikuwa na pindo lenye kamba ya maua.

"Hilo ni shuka," alisema mshonaji. "Mimi sina shuka la mistari."

Hapakuwa na haja ya kumwambia Mama Mapacha. Shuka lile alilinunua mwenyewe. Yalikuwa mawili, na yote alikuwa ameyatandika kwenye chumba cha mapacha, kwenye kitanda alichohamia mumewe tangu alipoanza kulalamika mgongo. La kwanza lilipopotea kwenye kamba alimlaani mwizi. Ndivyo alivyoambiwa, kwamba lilikuwa kwenye kamba.

Aligeuka. Mumewe hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama yeye.

Yakaja yote kwa mpigo, ambayo alikuwa ameyaona na hakuyatazama. Mgongo usiotaka dawa. Suruali alizoanza kuzifua mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kufua hata leso. Chai ya jioni aliyoiacha ghafla, eti inamkosesha usingizi. Safari ya kwenda kwa mapacha aliyoikataa, na watoto wakanuna. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua; huyu aliumbuliwa na bomba la choo, mbele ya wapangaji wake, kwenye televisheni yake mwenyewe. Sasa ule ubishi wa waya ulikuwa wazi. Alikuwa anapigania mahali pa kujificha.

Na mimi sitampamba huyu mwanamke. Jambo la kwanza alilolisikia lilikuwa kinyaa, kilekile, kimempanda kutoka tumboni hadi kooni, na safari hii kilimhusu mume wake. La pili, lililokuja nyuma yake hatua moja tu, lilikuwa kujichukia kwa kulisikia la kwanza.

"Shuka hili la nani?" aliuliza fundi. Aliuliza kikazi tu, apate kujua lawama iende upande gani wa nyumba.

Mwalimu akatazama dari. Mshonaji akamhamisha mtoto bega, akangoja. Chumba chake kilikuwa kwenye jibu hilo. Baba Mapacha akaweka mikono kwenye kiti ajiinue, midomo imefunguka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayevuliwa nguo sokoni.

"Langu," alisema Mama Mapacha.

Wote wakamgeukia.

"Nililikata mimi, la kudekia. Vikichafuka sana nilikuwa navitupa humo chooni, maana sikutaka kuvishika. Nimeziba mimi." Kisha akamtazama mshonaji, kazi iliyomshinda asubuhi nzima. "Chumba ni chako. Nilikuonea."

Mshonaji hakushukuru, na hakuwa na cha kushukuru. "Nilikwambia, mama," alisema, akainuka na mtoto wake, akatoka. Mwalimu alimfuata huku amebana mdomo, na hakufika mbali. Kicheko chake kilisikika kabla hajavaa viatu. Nyani haoni kundule, ndivyo watakavyosema mtaani kabla jua halijazama, na Mama Mapacha alilijua hilo alipofungua kinywa. Kitu pekee alichojivunia duniani, kwamba yeye ni msafi, alikuwa amekitupa humohumo bombani. Fundi akachomoa waya kwenye laptopu yake, akakusanya vyombo, akaenda kuvunja saruji.

Wakabaki wawili, na televisheni iliyozimika. Nje nyundo ilianza kugonga.

"Kwa nini umesema vile?" aliuliza Baba Mapacha.

"Tangu lini?"

Akamweleza, kwa shida, akitazama magunia ya plastiki sakafuni. Ilianza na zile mvua kubwa. Akiwa amelala hasikii, anashtuka kumekwisha kulowa, na siku nyingine si maji tu. Shuka la kwanza halikutakata, akaogopa kulianika, akalikata vipande ajifungie kama nepi, na vipande vikishachafuka akavitupa pale ambapo aliamini havitaonekana. Kisha la pili. Hospitali hakwenda, maana daktari angeuliza mke yuko wapi.

"Ungeniambia," alisema mkewe.

"Nikuambie wewe?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na bora angekuwa nayo. "Kaka yangu alipougua ulimtoa kwenye chumba hichohicho cha mapacha ukamlaza stoo kwa sababu alikojoa kitandani. Godoro lake ukalichoma pale uani yeye anachungulia dirishani, yungali hai. Kibiriti nilikiwasha mimi kwa sababu uliniambia. Nilisema langu halitachomwa nikiwa natazama."

Kaka mtu alikufa katika stoo ile, na yeye alikuwa ameisifu stoo kwa waombolezaji kwamba ni safi. Alitaka kumwambia mumewe kwamba yeye ni tofauti, kwamba kwake hawezi kuona kinyaa, lakini ungekuwa uongo na mzee angeusikia. Hata sasa, akiwa karibu naye hivi, alijikuta anapumulia mdomo.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," alisema. "Mimi na wewe. Na leo unarudi kulala chumbani kwetu."

"Utaona kinyaa."

"Nitaona," alisema Mama Mapacha. "Nitatapika. Halafu nitafua."